Mnyororo na Sarafu: Hadithi Ipi ya Utumwa Tuisome Pamoja?

Hapa Bagamoyo mgeni akiuliza habari za utumwa hupelekwa kwanza kwenye makumbusho ya Misheni Katoliki, mahali ambapo mapadri wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kujenga kijiji cha watu waliokombolewa, na huko huoneshwa minyororo. Mimi ni mwalimu wa fasihi, nimewapeleka wanafunzi huko mara nyingi, na kila mara nimeona jambo lile lile: wakishauona mnyororo, maswali yanakwisha. Wanatoka nje, wanapita chini ya ile miembe mikubwa wakiwa na hakika kwamba wangekuwepo zamani zile wangemtambua mtumwa kwa macho, wangemtambua na bwana wake kwa macho, na wala wasingedanganyika na mtu yeyote.

Hakika hiyo ndiyo inayonisumbua. Kwa hiyo kikundi chetu cha kusoma, kinachokutana jioni kwenye baraza ya nyumba moja katika Mji Mkongwe, kilipotaka hadithi ya utumwa, nilipendekeza tutafute ile inayoonesha namna dhana za rangi na kabila zinavyompofusha mtu mwenye macho mazima. Tuko tisa: walimu, kinyozi mmoja, fundi wa majahazi mmoja, na akina mama watatu. Nilileta vitabu vinne, navyo nimevisoma tena vyote kabla ya kuandika maneno haya, ili anayeongoza kikundi kama chetu, au mwalimu mwenye darasa na muda mfupi, apate pa kuanzia. Kila kitabu nimekipima kwa swali moja tu: humu ndani, asiyeona ni nani?

Naanza na Benito Cereno, hadithi ya Mmarekani Herman Melville iliyotoka katika jarida mwaka 1855, wakati utumwa ulikuwa bado halali katika majimbo ya kusini ya nchi yake. Nalazimika kufichua siri ya hadithi, maana bila siri hiyo hapana cha kulinganisha. Nahodha Amasa Delano, mtu wa Massachusetts, ametia nanga kwenye kisiwa karibu na pwani ya Chile, akaona meli ya Kihispania inakuja kwa kuyumbayumba. Anapanda kutoa msaada. Anawakuta Wahispania wachache waliodhoofika, Waafrika wengi wanaotembea huru juu ya sitaha, na nahodha kijana, Don Benito, anayezimia hovyo na kushikiliwa kila saa na mtumishi wake Babo, mtu mfupi kutoka Senegal. Delano anakaa melini karibu siku nzima akimsifu Babo kwa uaminifu wake. Ukweli ni kwamba Waafrika wameiteka meli zamani, wamemuua aliyekuwa akiwamiliki, na kila kinachotendeka mbele ya mgeni kimepangwa na Babo. Nahodha ndiye mateka, naye amelazimishwa kuigiza unahodha.

Kinachokifanya kitabu hiki kiwe na thamani ni kwamba Delano hana ukatili. Angekuwa katili, msomaji angemtenga na nafsi yake mapema. Melville anatueleza kwamba mtu huyu anawapenda watu weusi kwa ukunjufu, kama wengine wanavyowapenda mbwa wakubwa wa Newfoundland, na katika sentensi hiyo moja ameonesha namna mapenzi yenyewe yanavyoweza kuwa pazia. Shaka humjia Delano mara nyingi, tena shaka ya kweli, kwa sababu macho yake yanaona kila kitu: anawaona watu sita wamekaa wakinoa mashoka, anawaona mabaharia wa Kihispania wakimkonyeza, baharia mmoja anamrushia fundo la kamba na kumwambia kwa haraka alifungue au alikate. Lakini kila shaka ikiinuka, anayo dhana ya kuilaza. Anamshuku Mhispania, kwa kuwa kwake Mhispania ni mtu wa hila. Anajiuliza kama nahodha yule amekula njama na Waafrika, kisha analitupa wazo hilo, kwa sababu Waafrika, kwa mawazo yake, ni wajinga mno kwa njama. Hapo ndipo alipopofuka. Dalili zote zilikuwa mbele yake, ila hakuwa na nafasi kichwani ya kumweka mtu mweusi mwenye akili ya kutawala meli.

Kuna mnyororo pia. Mtu mmoja wa miraba minne, Atufal, huletwa mbele ya nahodha kila baada ya muda akiwa amefungwa minyororo, aulizwe kama yuko tayari kuomba radhi, na ufunguo wa kufuli lake unaning'inia shingoni mwa Don Benito. Delano anautazama ufunguo, anautazama mnyororo, na anatabasamu, maana ameona bwana na mtumwa. Minyororo ile ni maigizo, na Atufal angeweza kuiangusha wakati wowote. Nilipofika ukurasa huo niliwakumbuka wanafunzi wangu chini ya miembe.

Mahali ambapo kikundi chetu kilisimama kwa muda mrefu zaidi ni pale Babo anapomnyoa Don Benito. Anamfunga bendera ya Hispania shingoni badala ya kitambaa, anapaka povu, ananoa wembe kwenye kiganja, na Delano, aliyekaa pembeni, anawaza kwamba watu weusi wameumbwa na mikono ya unyozi. Anauliza swali kuhusu safari ya meli, swali ambalo majibu yake hayapatani, na papo hapo wembe unamchanja nahodha na damu inatoka. Nilikuwa nasoma kwa sauti huku nikieleza kwa Kiswahili. Kinyozi wetu akainua mkono.

"Mwalimu, rudia hapo kwenye kichwa."

Nikarudia: kichwa kimelazwa nyuma, kidevu kimeshikwa.

"Basi huyo haongei mpaka aliyeshika wembe atake," alisema. "Sisi tunalijua hilo kila siku. Mtu awe mkuu wa wilaya, awe nani, nikishamlaza pale, kooni kwake mimi ndiye bwana."

Sisi wengine wanane tulikuwa bado tunatazama kwa macho ya Delano, tunamwona mtumishi na bwana wake. Yeye alitazama kutoka kwenye mkono ulioshika wembe. Sijapata katika miaka yangu ya kufundisha uchambuzi ulionifikia moyoni kama ule, na ndiyo sababu nashauri kitabu hiki kisisomwe na walimu peke yao.

Kasoro zake nazo zisemwe. Kiingereza chake ni kigumu, sentensi ndefu zimejaa maneno ya meli ambayo hata fundi wetu wa majahazi alituchorea mengine mchangani ndipo tukaelewa. Kurasa zinazokaribia mia zilituchukua jioni nne. Lililo zito zaidi ni hili: Babo akishakamatwa hasemi neno. Sehemu ya mwisho ni ushahidi wa mahakamani, nao ni wa Wahispania. Anauawa Lima, kichwa chake kinatundikwa juu ya mti, na hatumsikii. Yupo msomaji atakayefunga kitabu akiamini kwamba Babo ni shetani tu, na Melville hatamzuia. Mimi naamini kimya kile kimewekwa kwa makusudi, kwa kuwa mahakama nayo ina upofu wake, lakini imani yangu lazima isaidiwe na mtu wa kuongoza mazungumzo. Inafaa pia kikundi kijue kwamba tukio lenyewe ni la kweli: Amasa Delano halisi aliikuta meli iitwayo Tryal mwaka 1805 na akaandika habari zake katika kitabu cha mwaka 1817, na Melville aliligeuza likawa hadithi ya mtu asiyeona.

Kitabu cha pili, Pudd'nhead Wilson cha Mark Twain, cha mwaka 1894, nitakipitia kwa ufupi, si kwa kukidharau. Roxy ni mtumwa katika mji mdogo wa Missouri. Kwa kuonekana ni mwanamke mweupe kabisa, maana sehemu 1 tu kati ya 16 ya asili yake ndiyo ya Kiafrika, lakini kwa sheria na desturi za pale sehemu hiyo moja imezishinda zile kumi na tano. Akiogopa mwanawe asiuzwe, anambadilisha kitandani na mtoto wa bwana wake, na kwa zaidi ya miaka ishirini mji mzima hauoni. Asiyeona hapa ni mji, na sheria ya mji. Jambo linalouma ni mwisho, ukweli unapogunduliwa kwa alama za vidole: mrithi halali, aliyelelewa utumwani, anarudishiwa mali, lakini hajui kusoma, anazungumza kama watumwa walivyozungumza, na hana raha popote isipokuwa jikoni. Mali anayo, pa kukaa hana. Hata hivyo Twain ananitia wasiwasi, kwa kuwa kijana aliyelelewa kama bwana anageuka kuwa mwizi na muuaji, na mama yake mwenyewe anasema woga wake umetokana na ile chembe ya damu nyeusi. Tunaweza kusoma kwamba Roxy naye amepofushwa na wale waliomtia utumwani, na nadhani ndivyo inavyopasa kusomwa; lakini msomaji wa haraka atabaki akijiuliza kama tatizo ni malezi au ni damu, na swali hilo si la kuachwa mikononi mwa vijana wa kidato cha tatu bila mwalimu. Ni chaguo jema kwa darasa la sheria au kwa watu wanaopenda hadithi ya upelelezi. Kwa baraza letu halikutosha.

Cha tatu ni chetu cha Kiswahili, Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Mbotela alikuwa wa ukoo wa watu waliokombolewa na kuwekwa Frere Town, karibu na Mombasa, na kitabu chake kinasimama kati ya historia na hadithi: watu wanakamatwa bara, wanateremshwa pwani, wanapakiwa jahazini, wanaokolewa na meli ya Waingereza. Ni kifupi, lugha yake nyepesi, na mzee yeyote anaweza kukisikiliza kikisomwa kwa jioni mbili. Nakipenda kwa kuwa ni sauti ya watu walioteswa wenyewe, kwa lugha yao. Lakini kwa swali langu, jibu lake ni gumu kulitamka: asiyeona humu ni mwandishi. Mwarabu kwake ni mkatili kwa kuwa ni Mwarabu, Mwingereza ni mkombozi kwa kuwa ni Mwingereza, na ndani ya kitabu kizima hapatikani mtu wa kuuliza kwa nini wakombozi wale walibaki wakaitawala nchi. Simlaumu mtu aliyekulia katika kijiji kilichojengwa na waliomwokoa baba zake. Ni nani angetazama mkono huo kwa jicho la shaka? Ila aliyesoma Delano akimwona kila Mhispania kuwa mwenye hila atakitambua hapa kitendo kile kile cha jicho, kimehamia kwa mtu mwingine. Kisomwe, lakini kisisomwe peke yake.

Cha nne ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, mwandishi akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na mwaka uliofuata tukaipata kwa Kiswahili kwa kazi ya Ida Hadjivayanis. Hapa ndipo penye uzito wangu, na ninajua nitaelemea upande mmoja.

Yusuf ana umri wa miaka 12. Mara kwa mara mfanyabiashara mmoja wa pwani, Aziz, hufikia nyumbani kwao, mtaratibu, ananukia vizuri, na kila akiondoka humwachia mtoto sarafu ya anna kumi. Yusuf anamjua kuwa ni mjomba. Siku moja baba anamwambia atasafiri naye, na mtoto anafurahia treni. Ni dukani kwa Aziz, kutoka kwa kijana mwenziwe Khalil, ndipo anapoambiwa kwamba yule si mjomba wake, amwite Seyyid, na kwamba ametolewa rehani kwa deni la baba yake.

Ukiweka kurasa hizi kando ya zile za Melville utaona jambo lililonifanya niandike ulinganisho huu. Melville anatuonesha mnyororo usiomfunga mtu. Gurnah anatuonesha sarafu inayomfunga mtoto. Delano aliona chuma akasadiki utumwa mahali ambapo utumwa ulikuwa umepinduliwa, na sisi tunaona ukarimu, tunasadiki ujamaa, mahali ambapo mtoto amekwisha kuchukuliwa. Na Khalil, aliye rehani vilevile, ni mtu wa asili ya Kiarabu, hivyo aliyezoea kumtafuta mtumwa kwa kutazama ngozi atapotea njia tangu mlangoni.

Mwenzetu mmoja aliniuliza kama basi hilo bado ni suala la ubaguzi wa rangi. Nilimjibu kwamba pwani yetu haikuhitaji rangi peke yake ili kujenga ukuta, kwa sababu tulikuwa na maneno. Tulikuwa na mwungwana na mshenzi. Tulikuwa na mzalia, mtumwa aliyezaliwa pwani, na kulikuwa na mtumwa mjinga, yaani aliyeletwa karibuni kutoka bara. Fikiria mtu aliyejua kufua jembe, kusoma mawingu, kusuluhisha ugomvi wa ukoo kwa lugha yake. Akishuka Bagamoyo anaitwa mjinga kwa kuwa hajui Kiswahili na hajui kuvaa kanzu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande huu huu wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake kuhusu desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903, aliyaeleza mambo ya watumwa na mabwana kwa utulivu wa mtu anayeeleza namna ya kupika wali. Neno la Delano kuhusu Waafrika wale melini, kwamba walikuwa wajinga mno, sisi tulikuwa nalo, tena tulilitumia kama jina la kawaida.

Gurnah anaupeleka upofu huo safarini. Msafara wa Aziz unakwenda bara ukiongozwa na mnyapara Mohammed Abdalla, na watu wa pwani njiani hawakomi kuzungumza juu ya washenzi. Wanapofika kwa mtawala aitwaye Chatu, ananyang'anya bidhaa zao, na msomaji wa pwani anaona alichotarajia kukiona. Kisha Chatu anazungumza: alikwisha kutendewa hiana na mfanyabiashara aliyemtangulia huyu, na haoni kwa nini awatofautishe. Hoja yake ni hoja ya mtu mwenye kumbukumbu na hesabu. Babo alinyimwa kauli, Chatu amepewa, na kwangu hiyo ni tofauti kubwa kuliko zote kati ya vitabu hivi viwili.

Yupo pia Mzee Hamdani, mtunza bustani. Alipewa uhuru na bibi yake, naye akaukataa, na Yusuf anapomuuliza, jibu lake linageuza swali zima: ni nani aliyemwambia bibi yule kwamba anao uhuru wa mtu mwingine mkononi hata aweze kuutoa? Jioni tuliyosoma maneno hayo tulinyamaza mpaka taa za barabarani zikawaka. Tuko katika mji ambao hadithi ya ukombozi husimuliwa kila siku kwa wageni, nani alikomboa, kwa fedha ngapi, mwaka gani, na hapa mzee mmoja wa kubuni anakataa kabisa kwamba kitu hicho kiliwahi kuwa mali ya mtu.

Udhaifu wa Peponi ni kwamba safari ya katikati ni ndefu na iliwachosha vijana wetu wawili, na mwisho wake, Yusuf anapokimbilia safu ya askari wa Wajerumani, uliwaacha wengine na hasira. Bila maelezo ya historia baadhi watashangaa kuona utumwa ukiendelea chini ya utawala wa Wajerumani. Ni vizuri kuwaeleza mapema kwamba Wajerumani hawakuufuta, waliamuru tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 wawe huru, na kwamba sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika ilikuja na Waingereza mwaka 1922.

Chaguo, basi. Mwenye jioni mbili tu na wasikilizaji wazee asome Mbotela, ila amweke mtu wa kuuliza maswali. Mwenye darasa linaloweza Kiingereza kigumu, na anayetaka wanafunzi waone hatua kwa hatua namna akili inavyoikataa dalili iliyo mbele yake, achukue Benito Cereno. Sikijui kingine kinachoionesha kazi hiyo ya kichwa kwa ukaribu kiasi kile. Lakini mtu wa pwani, wa Bagamoyo, wa Pangani, wa Tanga, akiniambia atasoma kimoja tu, nitampa Peponi bila kusita. Kumcheka Delano ni rahisi kwetu, maana si ndugu yetu. Aziz tumekaa naye baraza moja. Mama mmoja katika kikundi chetu, aliye rika la mama yangu, alinivuta kando akaniambia, "Mwanangu, mimi nilimpenda yule bwana. Nilimpenda mpaka nikaona haya." Hakuna alichonidai baada ya hapo, aliondoka na kitabu chake chini ya kanga.

Wenye msimu mzima wafanye kama tulivyofanya, wasome vyote viwili, Melville akitangulia. Simamisheni kusoma pale Babo anapoikunjua bendera, kabla ya wembe, kila mmoja aandike kwenye karatasi nani anayemtawala mwenziwe melini, aikunje, akae nayo. Kwa Peponi fanyeni hivyo hivyo jioni ya kwanza, kabla Yusuf hajafika dukani, na swali liwe Aziz ni nani kwa mtoto huyu. Sisi tulizifungua karatasi zote siku ya mwisho. Za kwanza zilikuwa kama nilivyotarajia: wanane walikosea, kinyozi peke yake aliandika Babo. Za pili zote tisa zilikuwa na neno moja, mjomba, na yake ikiwamo.